Ushahidi wa Ukaazi: Makazi ya Wakulima ya Engare Nanyuki katika Kesi ya Ardhi ya Meru, 1947–1952

1.0 Utangulizi

Tarehe 17 Novemba 1951 maofisa wa serikali ya Tanganyika, wakiwa pamoja na polisi, walianza kuwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika makazi yao ya Engare Nanyuki, kaskazini mashariki mwa Mlima Meru. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, na ardhi iliyokuwa imelimwa na kulishiwa mifugo kwa takribani kizazi kimoja ikaandaliwa kugawanywa kuwa mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu. Kabla ya mwaka mmoja kupita, jina la makazi hayo madogo, ambalo hata Dar es Salaam lilikuwa halifahamiki sana, lilikuwa likitamkwa katika kumbi za Umoja wa Mataifa mjini New York.

Tukio hili, linalojulikana kwa jina la Kesi ya Ardhi ya Meru, lina nafasi ya kudumu katika historia ya harakati za uhuru wa Tanganyika. Katika simulizi iliyozoeleka, Engare Nanyuki ni utangulizi wa kuzaliwa kwa TANU: dhuluma ilitendeka, watu wakaamka, na mwamko huo ukaingia katika mkondo mkubwa wa taifa. Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini ina kasoro moja. Inayapita makazi yenyewe haraka mno. Msomaji huelezwa jinsi Engare Nanyuki ilivyopotea, lakini haelezwi vya kutosha ilikuwa mahali pa namna gani, wala kwa nini ilikuwa rahisi kwa serikali kuyashughulikia makazi ya maelfu ya watu kana kwamba yalikuwa nafasi tupu katika ramani.

Makala haya yanaliangalia tukio hilo kwa kuanzia na swali dogo zaidi: ni nini kinachothibitisha kwamba watu fulani ni wakaazi wa mahali fulani? Hoja kuu ni kwamba mgogoro wa Engare Nanyuki ulikuwa, katika kiini chake, mgongano wa aina mbili za ushahidi. Upande mmoja ulisimama kwenye hati na ramani. Upande wa pili ulisimama kwenye nyumba, mashamba, malisho, mifereji na makaburi. Uhamisho wa mwaka 1951 haukuwaondoa watu tu, bali uliangamiza pia ushahidi wa upande mmoja. Jibu la Wameru lilikuwa kuyahamishia makazi yao katika maandishi, na ndivyo kijiji kisichokuwa na hati kilivyopata kumbukumbu ambayo vijiji vingi vya wakati huo havikuipata.

2.0 Mlima, kihamba na njia ya kaskazini

Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, hugawa mvua bila usawa. Miteremko ya kusini na kusini mashariki hupata mvua ya kutosha, na hapo ndipo Wameru walipojenga maisha yao yaliyozunguka kihamba, yaani shamba la migomba linaloizingira nyumba, linalonyweshwa kwa mifereji na kurutubishwa kwa samadi. Kihamba hakikuwa shamba tu. Kilikuwa anwani ya ukoo. Mzazi alizikwa humo, mwana alirithi humo, na mipaka yake ilijulikana kwa majirani na kwa washili, viongozi wa koo, ambao ndio walioamua mashauri ya ardhi.

Upande wa kaskazini hali ni tofauti. Mlima wenyewe huikinga mvua, na ardhi inayoshuka kuelekea tambarare za Wamasai ni kavu, yenye majani mafupi na upepo mwingi. Jina Engare Nanyuki ni la Kimaasai, na maana yake ni maji mekundu. Ni jina la mto, na bila mto huo na vijito vingine vya mlimani kilimo katika eneo hilo kingekuwa kigumu mno. Migomba haikustawi huko kama kusini. Wakulima waliofika huko walitegemea mahindi, maharage na mifugo, na walichimba mifereji kuyaelekeza maji mashambani.

Sababu ya watu kuelekea huko haikuwa fumbo. Vihamba vya kusini vilikuwa vikigawanywa kila kizazi hadi vikawa vipande visivyoweza kumlisha kijana anayeoa. Katika jamii nyingine za milimani kijana wa namna hiyo angepanda juu au kushuka chini. Kwa Mmeru, juu kulikuwa na msitu uliohifadhiwa na serikali, na chini kulikuwa na mashamba ya walowezi. Kaskazini ndiko kulikobaki. Kwa hiyo Engare Nanyuki ilikuwa sehemu ya mfumo mmoja wa maisha na vihamba vya kusini. Ng'ombe walilishwa kaskazini kwa niaba ya ndugu waliobaki kusini, mahindi yalikwenda kusini, na ndizi zilikuja kaskazini. Mtu aliyeyatazama makazi hayo peke yake aliona nyumba zilizotawanyika katika nchi kavu. Aliyeyatazama pamoja na kusini aliona pumzi ya mlima mzima.

3.0 Mstari wa ramani

Mizizi ya kisheria ya mgogoro huu inaanzia mbali na mlima. Kwa amri ya tarehe 26 Novemba 1895, serikali ya Ujerumani ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya Dola. Neno lenye uzito katika amri hiyo ni "isiyo na mwenyewe", kwani aliyepewa mamlaka ya kuamua kama mwenyewe yupo ni yule yule aliyenufaika kama hayupo. Mwaka uliofuata, Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Majeshi ya Wajerumani yaliyotumwa kulipiza kisasi yaliua watu, yakateka ng'ombe na kuharibu migomba. Boma lilijengwa Arusha mwanzoni mwa karne, na Wamisionari wakarudi kuanzisha kituo cha Nkoaranga mwaka 1902.

Baada ya kuvunjwa nguvu kwa jamii za mlimani, ardhi iliyouzunguka mlima ilianza kugawiwa walowezi, wakiwemo Makaburu kutoka Afrika Kusini na Wajerumani. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mashamba hayo yalikuwa yameifunga miteremko kwa mkanda ambao wanahistoria wameuita pete ya chuma. Wameru na Waarusha walibaki ndani ya pete. Eneo la Engare Nanyuki nalo liliingizwa katika ramani ya mashamba, ingawa kuandikwa shamba katika ramani na kulimwa kweli kweli yalikuwa mambo mawili tofauti.

Utawala wa Waingereza ulipoanza, mali za Wajerumani zilichukuliwa kuwa mali za adui na kuuzwa. Katika kipindi hicho cha mpito Wameru waliitumia ardhi ya kaskazini kwa malisho na kilimo, na baadaye walidai kwamba sehemu yake waliipata kwa fedha zao wenyewe. Dai hili ni muhimu. Linaonesha kwamba Wameru hawakutegemea hoja ya kale pekee, ile ya ardhi ya mababu. Walikubali pia kuingia katika mchezo wa wenye mamlaka na kununua kilichokuwa chao.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana kama ardhi ya umma, lakini iliziacha hati halali zilizotangulia, zikiwemo zile za Kijerumani. Marekebisho ya mwaka 1928 yaliitambua haki ya Mwafrika anayeikalia ardhi kwa mujibu wa mila. Hivyo kwa maneno ya sheria haki zilikuwa mbili, na zote zilitambuliwa. Kwa vitendo hazikuwa na nguvu sawa. Haki ya hati iliweza kuoneshwa ofisini kwa kufungua kabati. Haki ya mila iliweza kuoneshwa kwa kufika mahali, kuwaona watu na kuwauliza. Ofisa asipofika, au akifika asiulize, haki ya pili haikuonekana.

4.0 Taarifa mbili za mwaka 1947

Mwaka 1946 serikali ya Tanganyika iliunda tume kuchunguza matatizo ya ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Mjumbe wake pekee alikuwa Jaji Mark Wilson, na taarifa yake ilitoka mwaka 1947. Wilson aliutambua msongamano katika milima yote miwili, Meru na Kilimanjaro, na alipendekeza baadhi ya mashamba yarudishwe kwa wenyeji. Lakini alipendekeza pia kwamba ardhi ipangwe katika maeneo yanayofuata rangi za watu. Ukanda wa Sanya, uliopo kati ya milima hiyo miwili, ungekuwa eneo moja la ufugaji la Wazungu bila kukatizwa na makazi ya Waafrika. Engare Nanyuki ilikuwa ndani ya mpango huo, nayo ilitakiwa iondolewe. Watu wake wangepelekwa King'ori, mashariki mwa mlima, kwenye ardhi ya chini zaidi.

Mwaka huo huo wa 1947, serikali ya Zanzibar ilichapisha taarifa ya R. H. W. Pakenham kuhusu umiliki wa ardhi miongoni mwa Wahadimu wa Chwaka, kijiji cha wakulima na wavuvi katika pwani ya mashariki ya Unguja. Kuziweka taarifa hizi mbili pamoja kunasaidia kuona kilichokosekana Meru. Chwaka na Engare Nanyuki zilitofautiana kwa dini, mazingira na historia. Chwaka ilikuwa jamii ya Kiislamu ya pwani, yenye kushika dini na desturi zake kwa uangalifu. Engare Nanyuki ilikuwa jamii ya mlimani iliyokuwa imeanza kuwa ya Kilutheri. Lakini zote mbili zilikuwa makazi madogo ya wakulima chini ya mamlaka ya Waingereza, na zote zilitawaliwa na mila ambazo hazikuwa zimeandikwa katika hati za mtu mmoja mmoja.

Tofauti iko katika swali lililoulizwa. Pakenham aliuliza wenyeji wenyewe wanaigawaje ardhi, na taarifa yake ikayachukua maneno yao, kama vile kiambo, eneo la makazi ambamo wazao wa waanzilishi wana haki, na uwanda, ardhi ya mawe iliyolimwa kwa zamu. Wilson aliulizwa ardhi igawanywe vipi. Katika swali la kwanza mkaazi ni mtoa maelezo. Katika swali la pili mkaazi ni sehemu ya tatizo linalotafutiwa ufumbuzi.

Makazi ya pwani yalikuwa pia na aina ya ushahidi ambayo haikukanushika kwa urahisi. Kusini mwa Unguja, huko Kizimkazi Dimbani, msikiti una maandishi yaliyochongwa yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Misikiti, visima na makaburi ya mawe vilisema kwa niaba ya wakaazi hata pale wakaazi waliponyamaza, na mali iliyowekwa wakfu ilikuwa na nafasi katika sheria ya Kiislamu iliyotambuliwa na dola. Hii haina maana kwamba Wahadimu walisalimika. Katika karne ya 19 walipoteza sehemu kubwa ya ardhi yenye rutuba ya magharibi kwa mashamba ya karafuu. Maana yake ni finyu zaidi: hakuna ofisa aliyeweza kuandika kwamba Kizimkazi haina watu wake. Kwa upande wa mlima, nyumba ya miti na nyasi, mfereji wa udongo na kaburi lisilo na jiwe vilikuwa ushahidi kamili kwa jirani na ushahidi dhaifu kwa mgeni. Vilihitaji mtu wa kuvieleza.

5.0 Uhamisho

Mapendekezo ya Wilson yalitekelezwa chini ya Gavana Edward Twining, aliyeshika madaraka mwaka 1949. Serikali ilijenga hoja yake kwa hatua zinazofuatana vizuri. Ardhi ya Engare Nanyuki ingezalisha zaidi ikiwa mashamba makubwa ya mifugo. Magonjwa ya mifugo yangedhibitiwa zaidi pasipo ng'ombe wa wenyeji kupita kati ya mashamba. Wameru wangepewa ardhi mbadala King'ori, ambayo serikali ingeiandaa, pamoja na fidia ya fedha. Kwa mtazamo huo hapakuwa na aliyenyang'anywa, bali palikuwa na mabadilishano.

Wameru waliyakataa mabadilishano hayo, na sababu zao zilikuwa za wakulima. King'ori ilikuwa chini na yenye joto zaidi, na walihofia malaria kwa watu na magonjwa kwa mifugo. Ukubwa wa eka haukuwa kipimo walichokitumia. Eka ya nyasi nzuri karibu na maji ya mlima haikulingana na eka ya nchi ya chini, kama vile kikapu cha mbegu kisivyolingana na kikapu cha makapi kwa kuwa tu vikapu vinatoshana. Aidha, kuikubali fidia kungekuwa kukiri kwamba ardhi imeuzwa. Kwa hiyo fedha zilikataliwa.

Ilikuwa vigumu pia kwa serikali kupata ridhaa ya jumla kwa njia ya uongozi wa jadi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 Wameru walikuwa katika mvutano wa katiba kuhusu madaraka ya Mangi na nafasi ya washili na wananchi, na imani ya wengi kwa Mangi Sante ilikuwa imepungua. Mwaka 1953 Sylvanos Kaaya alichaguliwa kushika nafasi hiyo chini ya utaratibu mpya. Katikati ya mvutano huo uliundwa Umoja wa Raia wa Meru, na ndio uliobeba dai la ardhi. Neno raia lililochaguliwa katika jina hilo lina maana. Waliojiunga hawakujiita watu wa Mangi fulani wala wa ukoo fulani. Walijitambulisha kwa uhusiano wao na dola, na kwa hiyo waliweza kuidai dola.

Uhamisho ulioanza tarehe 17 Novemba uliendelea kwa wiki kadhaa. Kuchoma nyumba kulikuwa na lengo la wazi la kuzuia watu wasirudi. Lakini katika muktadha wa hoja ya makala haya, moto ulifanya kazi nyingine. Mahali ambapo ukaazi huthibitishwa kwa nyumba iliyosimama, kuichoma nyumba ni sawa na kuichana hati. Baada ya moto, ramani iliyokuwa ikisema kwamba hapa ni mashamba ya walowezi, na si makazi ya Wameru, ilikuwa imefanywa kuwa ya kweli.

Wengi wa waliohamishwa hawakukaa King'ori. Walipanda kwa ndugu zao katika vihamba vya kusini, ambako nafasi ilikuwa haba tangu awali. Mpango uliokusudiwa kupunguza msongamano mlimani ukauongeza. Katika rekodi za kikoloni mzigo huo hauonekani vyema, kwa kuwa mtu alihesabika kwanza kama mlipakodi, na mlipakodi alikuwa mwanamume. Mwanamke aliyepaswa kupika kwa ajili ya kaya mbili kutoka kihamba kimoja, au kuanza upya kutafuta mbegu na maji, hakuwa na safu yake katika jedwali la fidia.

6.0 Makazi yanapogeuka maandishi

Tangu mwaka 1946 Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mkataba wa Umoja huo, katika Ibara ya 87, uliruhusu wananchi wa nchi za udhamini kupeleka malalamiko yao, na Makubaliano ya Udhamini wa Tanganyika, katika Ibara ya 8, yaliitaka serikali kuzingatia sheria na mila za wenyeji katika mambo ya ardhi. Wameru waliziona nafasi hizo na kuzitumia. Wakishirikiana na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, waliandika ombi kwa Umoja wa Mataifa. Wananchi walichanga fedha za safari. Katikati ya mwaka 1952 Seaton na Kirilo Japhet, msemaji aliyeteuliwa na Wameru, walifika mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York.

Kilichofanyika katika ombi hilo kinafaa kutazamwa kwa makini. Haikutosha kulalamika kwamba dhuluma imetendeka. Wajumbe wa Baraza hawakuwahi kuuona Mlima Meru, na nyumba zilizokuwa ushahidi hazikuwepo tena. Ilibidi makazi yaelezwe: nani aliishi wapi, tangu lini, alilima nini, alilipa nini, alipoteza nini. Mambo ambayo mshili aliyajua kwa kuzaliwa nayo yalipaswa kupangwa kwa tarehe na hesabu ili mtu wa mbali ayaelewe. Elimu ya shule za misheni, iliyokuwa imeleta kusoma na kuandika katika koo za Wameru tangu mwanzo wa karne, ilipata hapa kazi ambayo wamisionari hawakuikusudia.

Baraza la Udhamini lilieleza masikitiko yake juu ya namna watu walivyoondolewa bila ridhaa, lakini halikuagiza ardhi irudishwe. Suala likapelekwa katika Baraza Kuu. Huko Kamati ya Nne iliunga mkono azimio lililotaka Wameru warudishiwe ardhi yao. Lakini lilipofika katika kikao cha jumla, Desemba 1952, azimio hilo lilikosa theluthi mbili ya kura zilizohitajika. Kwa hiyo Umoja wa Mataifa uliwasikiliza Wameru, wengi wa wajumbe wakakubaliana nao, na ardhi ikabaki mikononi mwa walowezi.

Je, ombi lilishindwa? Kama kipimo ni ardhi, mwaka 1952 lilishindwa. Lakini hoja ya serikali ilitegemea kwamba Engare Nanyuki ielezwe na upande mmoja tu. Baada ya New York hilo halikuwezekana tena. Kila taarifa ya serikali kuhusu mashamba hayo ilipaswa kuwataja watu waliokuwepo kabla. Mwaka 1967 Japhet na Seaton walichapisha Nairobi kitabu chao kuhusu kesi hiyo, na hivyo maelezo ya wakaazi yakaingia maktabani pamoja na taarifa ya Wilson. Mtafiti wa leo hawezi kuisoma moja bila kulazimika kuitafuta nyingine.

7.0 Baada ya kura

Athari za kisiasa za kesi hii zilivuka mipaka ya Meru. Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, chenye makao yake Dar es Salaam, kilipata katika kesi hiyo mfano uliowagusa wakulima wa kila mkoa, kwani hofu ya kupoteza ardhi ilieleweka pwani kama ilivyoeleweka bara. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na Japhet akawa miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo katika Jimbo la Kaskazini. Machi 1955 Julius Nyerere alipofika mbele ya Baraza la Udhamini, alipita katika mlango ambao wakulima wa Meru walikuwa wameufungua.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 ardhi ya Engare Nanyuki ilirudi katika matumizi ya Wameru. Mwaka 1963 serikali huru ilizibadilisha hati za umiliki wa kudumu, ambazo nyingi zilikuwa na asili ya Kijerumani, kuwa haki za muda chini ya dola. Leo Ngarenanyuki ni kata katika Wilaya ya Meru, inayofahamika katika masoko ya Arusha kwa nyanya zinazolimwa kwa umwagiliaji. Maji yale yale yaliyowavuta wakulima wa kwanza yana madini ya floridi kwa kiwango kikubwa, yanayoharibu meno na mifupa ya watoto, na utafutaji wa maji salama ni sehemu ya maisha ya kila siku. Njia kuu ya kwenda mjini inakatiza katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto. Wakulima wa kata hiyo hupita kwenye lango la hifadhi ili kufika mjini. Mpaka umehama, lakini watu wa kaskazini mwa mlima bado wanaishi kando ya mstari uliochorwa na wengine.

Funzo la kisheria nalo halijazeeka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaitambua haki ya kimila kuwa na hadhi sawa na haki iliyotolewa na serikali, na inaruhusu kijiji kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Kwa maneno mengine, sheria inajaribu kulitatua tatizo la mwaka 1951 kwa kumpa mkaazi karatasi. Ni hatua ya maana. Hata hivyo historia ya Engare Nanyuki inaonya kwamba karatasi hulinda pale tu ambapo aliye ofisini yuko tayari kuisoma karatasi ya mnyonge kwa uzito ule ule anaoisomea ya mwenye nguvu. Sheria ya 1928 nayo iliitambua mila, na haikuizuia ile asubuhi ya Novemba.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili Engare Nanyuki kama makazi kabla ya kuijadili kama kesi. Yameonesha kwamba makazi hayo yalikuwa sehemu ya uchumi mmoja wa mlima, yakibeba mifugo na vijana ambao vihamba vya kusini havikuweza kuwabeba. Kwamba amri ya 1895 na sheria za 1923 na 1928 ziliacha pengo kati ya haki ya hati na haki ya mila. Na kwamba taarifa ya Wilson ililitumia pengo hilo kuyafanya makazi ya watu kuwa nafasi ya kupangwa upya. Ulinganisho na Chwaka na Kizimkazi umeonesha kwamba udhaifu wa Engare Nanyuki haukutokana na uchache wa watu wake wala na udogo wa kazi waliyoifanya, bali ushahidi wao ulikuwa wa aina ambayo dola haikujifunza kuusoma.

Kwa historia ya Tanzania, hitimisho hili lina maana ya kiutafiti. Makazi mengi madogo ya wakulima, ya mlimani na ya pwani, hayakupata Kirilo Japhet wala Earle Seaton, na yalipohamishwa hayakuacha ombi lolote nyuma yao. Mwanahistoria anayetegemea kabati za serikali peke yake ataendelea kuikuta ardhi tupu pale palipokuwa na watu. Wameru walilazimika kuyaandika makazi yao baada ya kuchomewa nyumba. Kazi ya utafiti ni kuyasoma makazi ya namna hiyo, kwa mifereji yake, makaburi yake na maneno ya wazee wake, pale yalipo, wakati bado yamesimama.